Milango Miwili ya Mwalimu Yuliana

Siku ile mjinga alikuwa mimi. Nasema mapema ili mtu asihangaike kumtafuta katikati ya habari, maana mimi nikianza kusimulia, watu huwa wanasubiri mjinga awe mwingine. Safari hii alikuwa amekaa siti ya mbele kushoto, kavaa kofia ya kanisani, ametulia kama bwana harusi, na nyuma yake kulikuwa na kitu alichokipakia kimyakimya kwa nia njema. Nia njema ndiyo iliyonivunja mguu huu wa kulia, zamani, nilipokubali kupandisha dume la ng'ombe la padri kwenye lori bila kulifunga kamba. Ungedhani nilijifunza.

Naitwa Gideoni, wa Lulindi. Wengi huniita Baba Trevor. Nimeendesha malori mpaka lile la mwisho lilipolala ubavu kwenye mto mkavu. Mimi nikaamka, lenyewe mpaka leo limelala. Nimeuziwa injini iliyokufa ikapakwa rangi. Nimeuziwa tairi jipya ambalo kwa ndani lilikuwa limeshonwa kama kiatu. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nimeumwa na nyoka wa kila aina, kwa hiyo watu wa kwetu wakitaka kununua gari huja kunichukua nikashtuke kwa niaba yao.

Ndivyo Mwalimu Yuliana alivyonijia.

Yuliana ni Mmakonde wa Kitangari, kule juu mlimani, wilaya ya Newala. Mimi ni Mmakua wa huku chini. Sisi ni watani, na utani wetu haupumziki hata msibani. Alikuja Lulindi kufundisha shule akiwa msichana, na jioni moja akanifuata nilipokuwa naosha lori la misheni akasema nimfundishe kuliendesha. Nilicheka. Yeye hakucheka, akabaki amesimama pale pale, mkoba mkononi, mpaka kicheko kikaniishia. Tukaenda kwenye kiwanja cha mpira. Alijifunza haraka kuliko wanaume wote niliowahi kuwafundisha, ila aliangusha mlingoti mmoja, na mpaka leo namwambia yeye ndiye mwanamke wa kwanza Lulindi kufunga goli kwa lori.

Basi alijua kuendesha, akawa hana cha kuendesha. Miaka ikapita, akaolewa, akamzaa mtoto wake, Witness, akafiwa na mume, akahamia shule za kwao Newala. Mwisho akajinyima akanunua Noah. Hapo ndipo alipoacha kabisa kuendesha.

Usishangae. Kwetu huku gari likiingia kwenye ukoo huwa la ukoo. Noah ile iliendeshwa na wapwa, na binamu, na marafiki wa binamu. Ilibeba korosho. Ilibeba wali waliotoka jandoni na wapiga ngoma wao. Ilibeba wagonjwa kwenda hospitali, na waliokufa ikawarudisha. Mimi mwenyewe nilikutana nayo siku ya mazishi ya mama yake mdogo, imejaa watu hadi madirishani, na nyuma yake, katika vumbi lake, anakuja mwenye gari kwa bodaboda, kashika kitenge kisipeperuke. Nilimpigia honi nikamuuliza kama amefukuzwa. Akaniambia niangalie barabara. Mwaka uliofuata Noah ikafa chini ya magunia ya korosho, kifo cha punda, na wapwa wakaja kumpa pole kana kwamba wao hawakuwepo.

Sasa Yuliana akastaafu. Ukoo ukasikia habari za mafao kabla hata yeye hajapanga la kufanya, na mjomba wake, Mzee Cecil, akaita kikao. Mzee Cecil ni katekista wa zamani, amefundisha katekisimu nusu ya tarafa, na kwa Wamakonde mjomba si mtu wa kupita tu. Baba anazaa, mjomba ndiye mwenye ukoo. Alisema, kwa upole wa mtu ambaye amekwisha kuamua, kwamba Mungu amemjalia Yuliana, kwa hiyo sasa ukoo upate pikapu, ngumu, ya kubeba chochote.

Yuliana akasema ameona gari Masasi. Toyota Celica.

Niliwahi kuambiwa na aliyekuwepo kwamba kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko sala ya Ijumaa Kuu. Kisha mpwa mmoja akawaeleza wazee hicho kitu ni nini: gari la Kijapani la milango miwili, la chini, la mbio, la watu wawili wa mbele na paka wawili wa nyuma. Mzee Cecil akauliza kama hilo gari linaweza kupanda mlima. Mpwa akasema lina tumbo chini kama kenge, na barabara wanaitengeneza, ina mawe na michepuko, haliwezi. Ndipo mzee akatoa neno lake, mbele ya watu wote. Kama gari hilo litatoka Masasi na kupanda mlima mpaka Kitangari kwa nguvu zake lenyewe, bila kusukumwa na mkono wa mtu, yeye kuhusu kununua hatasema tena. Likisukumwa, hata kidogo, Yuliana analiuza na fedha inakwenda kwenye pikapu ya ukoo.

Yuliana akasema amekubali. Asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni kwangu Lulindi. Akanieleza yote hayo akiwa amesimama, halafu akasema, "Mtani, sikuchukui kwa sababu unajua sana. Nakuchukua kwa sababu umepata hasara zote, hazikubakia mpya."

Masasi gari lilikuwa uani kwa Mrisho, kijana mnunuzi wa korosho, nyumba yake iko chini kabisa ya ule mlima wa jiwe. Nilikuwa nimejiandaa kulicheka. Nilikuwa na maneno yangu tayari, ya kenge, ya sanduku la viatu, ya meza iliyokatwa miguu. Mrisho akaliondolea turubai, na maneno yakabaki mdomoni.

Lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, iliyoiva, na jiwe zima la Masasi lilionekana limejilaza juu ya boneti yake kama kwenye kioo. Lilikuwa limeinama mbele kama mkimbiaji anayesubiri filimbi. Taa zake za mbele zilikuwa ndefu, zimechongoka, zimepanda kuelekea kwenye kioo kama macho ya mwanamke aliyepakwa wanja na fundi. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikuwa limetumika Japani, likatumika tena kwa Mrisho, na bampa la nyuma lilikuwa na mkwaruzo. Lakini kuna watu wakizeeka wanazidi kunyooka. Nikalizunguka kimya. Yuliana akaniuliza mbona sitanii. Nikasema nakagua.

Mrisho alieleza kwamba haliuzi kwa ubovu. Alilinunua akiwa kapera, na kwa kapera, alisema, hakuna gari kama hili duniani. Lakini mkewe amejifungua mapacha, na kumpitisha Kulwa kwenye siti ya nyuma ni kazi, ukimaliza umpitishe na Doto, na ukimaliza Doto, Kulwa analia anataka kutoka. Alipokuwa anasema hivyo aliliangalia gari, siyo sisi.

Nikafanya ukaguzi wangu wote. Nikapiga tairi teke. Nikafungua boneti, nikanusa mafuta, nikasikiliza injini ikiwa baridi, ikiwa na moto. Nikalala chini nitazame uvungu, na hapo nikagundua kwamba uvungu hauingiliki. Kichwa kilibaki nje, kiwiliwili kikabaki nje, yaani nikawa nimelala tu uani kwa watu. Mke wa Mrisho akatoka na mtoto mgongoni akauliza kama baba anaumwa.

Yuliana yeye hakukagua kitu. Aliingia, akavuta siti mbele, akaweka mikono miwili juu ya usukani na akakaa. Hakuwasha. Alikaa hivyo muda, kama mtu aliyeingia kanisani kabla ya wenzake. Kisha akawasha, akanionyesha kwa kidole siti ya kushoto, tukatoka kidogo barabara ya Tunduru, kwenye lami.

Nimekaa na madereva wengi. Mimi nilimfundisha kuendesha mama huyu, lakini sikumfundisha kile. Gari lile lilikuwa la gia za mkono, na kila alipobadilisha gia hukusikia kitu, ulisikia tu mgongo wako umeegemea zaidi. Mikorosho ikaanza kukimbia. Miguu yetu ilikuwa imenyooka mbele kama watu walioketi mkekani, lami iko karibu kiasi cha kuigusa, na injini badala ya kunguruma kama lori ilikuwa inaimba, sauti nyembamba inayopanda. Mimi, mtu mzima, nikacheka peke yangu. Yuliana hakunitazama. Akasema polepole, "Unaona."

Nikasema naona.

Tukarudi, wakamaliza mambo yao ya kuandikishana na Mrisho, na mke wa Mrisho akamwita mwalimu ndani wanywe chai na awabebe mapacha. Hapo ndipo nilipobaki na gari peke yangu, na hapo ndipo nia njema iliponipanda kichwani.

Lazima nieleze habari ya maji. Huku kwetu chini, tangu bibi zetu, mlima wa Wamakonde tunaujua kwa kiu. Kule juu kuna ardhi nzuri, mikorosho mizuri, hewa nzuri, maji hakuna. Wanawake wao walikuwa wanashuka mlima kuyafuata na kupanda nayo kichwani. Bibi yangu alinifundisha kwamba ukienda kumtembelea Mmakonde kwake usipande mikono mitupu: chukua maji. Asali utapewa huko huko. Siku hizi mabomba yapo, siku nyingine yanatoa maji, siku nyingine yanatoa hewa, lakini mafundisho ya bibi hayana habari na mabomba. Tena nilijua kwamba Mzee Cecil alisoma Masasi akiwa kijana, na mpaka leo akikaa na watu husifia maji yanayotoka chini ya jiwe la Masasi, kwamba yana utamu wake.

Nikaona jambo zuri kabisa. Gari lifike Kitangari, mzee amekunja uso, Yuliana amenyamaza, na mimi nifungue buti nimimine maji ya Masasi kwenye kikombe. Mzee anywe. Moyo ulainike. Nikamwomba Mrisho madumu yale ya njano ya mafuta ya kula, akanipa yote aliyokuwa nayo. Nikayajaza bombani hadi shingoni. Nikapanga kwenye buti, yaliyobaki nikayalaza kwenye siti za paka, nikafunika na turubai. Gari likashuka nyuma kidogo. Nililiona likishuka. Nikajiambia hayo ni maringo yake.

Yuliana akatoka, akaaga, akauliza turubai ni la nini. Nikamwambia Mrisho ametupa tulifunikie gari usiku. Huo haukuwa uongo, ila haukuwa wote.

Tuliiacha Masasi jua likiwa limechangamka. Kwenye tuta la kwanza tumbo la gari likakwaruza, krrr. Yuliana akasema asubuhi halikukwaruza. Nikamjibu kwamba tuta la asubuhi lilikuwa fupi. Kwenye tuta la pili likakwaruza tena, na akanitazama yale macho ya kutazamia mwanafunzi aliyeficha embe mfukoni. Nikaanza kusifia mandhari.

Chini ya mlima alikuwa anatusubiri Dickson, mjukuu wa Mzee Cecil, dereva wa bodaboda mwenye ndevu zake na familia yake. Mzee alimtuma aje afuate nyuma yetu awe shahidi. Alinisalimia shikamoo, akamsalimia mwalimu, akalizunguka gari mara moja akapiga mluzi, kisha akajikumbusha kazi yake akakunja uso kama askari.

Tukaanza kupanda. Kona za kwanza Celica ilizichukua kama inazinywa. Nikasahau habari ya madumu. Kisha tukafika mahali ambapo wajenzi wa barabara wamefunga njia na kuchepusha magari kwenye udongo. Malori yao yalikuwa yamechimba mifereji miwili ya tairi, na katikati kumebaki mgongo wa udongo mgumu, mrefu. Kwa gari jingine si kitu. Yuliana akapunguza mwendo, akaingia, na katikati ya mwinuko tukasikia chini yetu sauti ndefu ya kitu kinacholala. Injini ikapiga kelele. Tairi zikatupa vumbi. Gari halikwenda mbele wala nyuma. Lilikuwa limelalia tumbo.

Wanaume wawili waliokuwa wakipumzisha baiskeli zao za mkaa wakaziacha wakaja mbio, mikono mbele, kama watu wetu wanavyofanya wakiona gari limekwama. Hata hawaulizi. Nilimwona Yuliana kwenye kioo akiwaona wanakuja. Nilimwona anaiona pikapu ya ukoo.

Akatoa kichwa dirishani. "Asiliguse mtu." Hakupaza sauti, lakini alifundisha watoto maisha yake yote, na wale wanaume wakasimama mikono ikiwa bado mbele. Akawaambia pole, ahsanteni sana baba zangu, Mungu awabariki, lakini mkilisukuma mnaninyang'anya. Hawakuelewa, wakarudi nyuma hatua, wakakaa kutazama. Nyuma yetu Dickson alikuwa ameshatoa simu. Nilimsikia akisema, "Babu, limekaa."

Hapo jasho likanitoka chini ya kofia ya kanisani. Nikasema, "Mwalimu, nyuma kuna maji."

"Maji gani?"

"Ya mjomba."

Akazima injini. Akashuka, akaenda nyuma, akafungua buti, akafunua turubai. Nilibaki nimekaa, nikasubiri. Angenitukana ningefurahi. Alisimama anayatazama madumu ya njano yaliyopangana vizuri kama wanafunzi mstarini, kisha akanitazama mimi, na nikaona ananionea huruma, jambo ambalo ni baya kuliko matusi.

Nikaruka nje. Nikalikamata dumu la kwanza, nikafungua kifuniko na kuliinamisha nimwage haraka, tuondoke. Maji yalikuwa bado hayajagusa udongo nikasikia mtu ananifokea. Alikuwa mwanamke anayeitwa Zuhra, nilijua jina baadaye, alikuwa anatoka na wenzake bombani, ndoo zao tupu vichwani, maana siku ile bomba lilikuwa la hewa. Alinishika mkono, mwanamke nisiyemjua.

"Baba, kwenye mlima huu maji tunayapandisha. Hatuyamwagi."

Nikainua dumu. Akaniuliza natoka wapi mwenye akili hii. Nikasema Lulindi. Wenzake wakacheka, wakasema ndiyo maana, wa bondeni. Nikawaambia mimi ni mtani wao, na mtani hapandi mikono mitupu, na haya ni maji ya Masasi kabisa, ya chini ya jiwe. Zuhra akaweka ndoo chini. Alisema mama yake alipanda mlima huu na maji kichwani akiwa na mimba yake yeye, na hajawahi kusikia kwamba siku moja maji yatapanda kwa gari la mbio na kutelemshwa mguuni pake. Wakayagawana, na yaliyobaki wakayaweka kivulini warudi kuyachukua. Wale wa mkaa nao wakanywa. Ilikuwa kama harusi, ila bwana harusi alikuwa ameaibika.

Gari likainuka. Uliliona kwa macho, mkia ukapanda juu kama mbuzi anayesimama. Nikashukuru Mungu, nikaenda kufungua mlango wangu niingie. Ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Bado mzigo mmoja," Yuliana akasema dirishani. "Panda na Dickson."

Basi ndivyo nilivyoona. Na nasema kweli, ujinga wangu ulinilipa, kwa sababu ningekuwa ndani nisingeona kitu. Yuliana alirudi nyuma taratibu mpaka tambarare. Hakuifuata tena mifereji. Aliweka tairi moja juu ya ule mgongo wa katikati na nyingine kwenye ukingo kabisa wa njia, pale ambapo mtu mwenye akili timamu haendi, na akapanda. Hakukanyaga moto sana, wala hakusita. Mawe madogo yalikuwa yakiruka kutoka kwenye ukingo na kushuka bondeni, na gari halikuyumba. Lilipita pale kama mwanamke wa zamani wa mlimani na mtungi wake, shingo imenyooka, tone halidondoki. Wale wa mkaa wakasimama. Zuhra akapiga kigelegele, na wenzake wakakipokea.

Kisha likafika kwenye lami mpya, bado ina vumbi la ujenzi.

Dickson alinipakia tukalifuata, na bodaboda yake ilijitahidi, maskini. Tulikuwa tunaliona kwenye kila kona liko kona moja mbele: linainama kidogo, linanyooka, jua linapita juu ya mgongo wake wa damu ya mzee, na ile sauti nyembamba inarudi kwetu kutoka kwenye ukuta wa mlima. Chini kulikuwa na nchi yote mpaka Ruvuma, lakini hatukuitazama. Mwalimu mstaafu, mjane, bibi wa watoto wawili, alikuwa anaendesha gari lake mwenyewe. Dickson alisahau kwamba yeye ni askari. Alikuwa anapiga paja na kusema mwone shangazi, mwone shangazi. Nami nilikuwa nimeshika kofia ili isipeperuke, ninakula vumbi la Yuliana, na nikakumbuka ile siku ya mazishi na kitenge chake.

Kitangari tulikuta watu wamejaa uani kwa Mzee Cecil. Walisikia kwamba limekaa, wakaja kuliona likiletwa kwa kamba. Badala yake walikuta limeegeshwa, la moto, lina vumbi hadi kwenye wanja, na Yuliana amepiga goti anamwamkia mjomba wake.

Mzee akaitikia marahaba, kisha akamwita shahidi. Dickson alimtazama babu yake, akalitazama gari. Alitamani kumfurahisha mzee, ilionekana, ila akasema, "Babu, hakuna mkono uliogusa. Mimi nilikuwa na mikono yangu, na wa mkaa walikuwa na mikono yao, na hakuna uliogusa."

"Na Baba Trevor kapandaje?"

"Na mimi, babu. Kwa bodaboda."

Mzee Cecil akageukia watu, na hapo akaanza kuhubiri. Alisema gari gani linamtema abiria mlimani. Alisema hata kunguru hupanda mlima akiwa mtupu. Wapwa wakaitikia. Alisema amesikia pia kuna maji yaliyotoka Masasi kwa ajili yake, na kwamba yamenywewa njiani na wauza mkaa, na hapo akanitazama mimi, watu wakacheka, na nikaona afadhali dume la padri. Yuliana akajibu kwa adabu kwamba makubaliano yalikuwa mkono wa mtu, hayakuwa abiria wala maji.

Wakabishana hivyo mpaka mzee akachoka kusimama. Akasogea kwenye gari. Alilizunguka, fimbo mkononi. Akaigusa boneti kwa mgongo wa kiganja, kama unavyopima homa ya mtoto, na kwa kuwa ilikuwa ya moto akauondoa, halafu akaurudisha. Akasema aone kama mtu mzima anaweza kuingia. Tukamwingiza, miguu kwanza, kwenye siti ya dereva. Akakaa pale amezama, ndevu zake nyeupe ziko usawa wa magoti yetu, akashika usukani, akatazama mbele kupitia kile kioo kilicholala, kwenye barabara ya mchanga na mikorosho ya jirani. Mikono yake ilibaki pale usukanini kupita haja ya mtu anayejaribu siti.

Mimi na Dickson tukamvuta nje, kazi kubwa. Alipopata pumzi akanyoosha kanzu yake. Nilidhani yamekwisha. Lakini mjomba hawezi kumaliza shauri la ukoo akiwa ametoka kujisahau ndani ya gari, na wapwa wote wanamtazama. Akagonga fimbo chini.

"Yuliana, habari ya mlima siisemi tena. Mlima umeushinda, na neno langu ni lile. Nakuuliza jingine, unijibu mbele ya watu hawa. Noah ile, pamoja na ubovu wake, ilimbeba mama yako mdogo mpaka kaburini. Iliwabeba wote. Hili lina milango miwili, na huko nyuma hata mbuzi hakai. Siku ukifa wewe, humu tutakubeba wapi?"

Watu wakaguna. Lilikuwa swali zito, na kwetu halina jibu, maana hakuna asiyeogopa kukosa wa kumbeba. Hata mimi nililitazama gari nikajikuta napima.

Yuliana alikuwa ameinama, anafuta vumbi kwenye taa ya mbele kwa ncha ya kitenge. Akamaliza ile taa kwanza.

"Mjomba, nikifa nibebeni kwa lolote mtakalopata, sitachagua. Hili nimelinunua la kupanda nikiwa hai."